Jongoo Ndani ya Damu

Jamani, leo uso wangu nimeuacha maabara. Atakayeuokota anirudishie.

Kwa wasionijua, mimi ni Kabula wa Nyahanga, hapa Kahama. Nimemaliza kidato cha sita na nasubiri chuo. Mtaani wameshaanza kuniita Dokta. (Baba ndiye aliyewaanzishia. Fomu yenyewe ya chuo nilikuwa sijaijaza.) Shangazi yangu ni muuguzi kwenye hospitali moja ya hapa mjini. Juzi akaniambia, "Fomu zinafungwa wiki hii, nawe hospitali unaijua kwa kuchomwa sindano tu. Njoo ushinde siku moja uone watu wanavyofanya kazi. Nimeshakuombea ruhusa."

Asubuhi nikapendeza. Koti jeupe la kuazima, viatu vya kufunika, na kope za bandia alizonibandika binamu yangu saluni. Shangazi akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Tunaenda kazini au harusini?"

Nikajifanya sijasikia.

Tulianza chumba cha eksirei. Dada wa mionzi akawasha picha ya mguu wa mchimbaji aliyeangukiwa na jiwe machimboni. "Unaona ufa?" Mimi nilikuwa naona moshi tu! Akaweka kidole, na ufa ukajitokeza, mwembamba kama unywele. "Angeendelea kuutembelea huu, mfupa ungeachana." Nikasahau kufumba mdomo.

Tukaenda chumba cha mazoezi ya viungo. Babu mmoja aliyepooza upande wa kulia alikuwa anajifunza kufunga kifungo cha shati. Kifungo kimoja! Mtaalamu amepiga magoti mbele yake, hamsaidii, wala hamharakishi. "Bado kidogo, babu. Kinaingia." Dakika zikapita. Kidole kikateleza, kikarudi. Kikateleza tena. Kifungo kikaingia.

Babu akatutazama mmoja mmoja. "Kesho nitavaa mwenyewe."

Nililia. (Nililia kweli, na kamasi juu, nikajipangusa macho kwa kiganja. Hapo ndipo gundi ya saluni ilipoanza kuachia, na mimi sina habari.)

"Shangazi, na kazi hii nayo inasomewa?"

"Kumbe ulidhani hospitali ina daktari na nesi tu?"

Ndivyo nilivyodhani, jamani. Miaka yote.

Mwisho tukafika maabara, kwa kaka Masanja, mtu mpole anayeongea kama anaogopa kumwamsha mtu. Upande wa pili wa kidirisha, kwenye benchi la wagonjwa, alikaa Mama Kulwa na mwanawe wa kama miaka minne. Wametoka kijijini alfajiri. Homa siku ya tatu, mtoto ameegemea kifuani kwa mama yake, hataki hata maji. Masanja alikuwa ameshachukua damu yake, akaipaka kwenye kioo, akaitia rangi na kuiweka chini ya hadubini.

"Njoo uangalie. Usiguse kitu. Ukiona chochote niambie taratibu."

Taratibu. Alisema taratibu, nakiri mbele yenu.

Nikabandika macho. Nikaganda. Uwanja mzima wa rangi ya waridi, chembe za damu zimetapakaa kama mpunga ulioanikwa, hazina mwisho. Na hiyo ni damu ya tone moja, la mtoto mmoja! Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Nikasogea zaidi, hadi nikakandamiza uso.

Mara kushoto likajitokeza dude. Jeusi. Limejikunja. Lina miguu mingi. Nikapepesa macho, likatembea!

"Kaka! Jongoo! Kuna jongoo ndani ya damu! Ana miguu, anatembea!"

Kidirisha kilikuwa wazi.

"Yooo! Ng'wanone!" Mama Kulwa akapiga yowe. Mwanangu! Akamnyanyua mtoto, akaanza kumchungulia masikioni, puani, mdomoni. "Kaingilia wapi? Jongoo kaingilia wapi?" Benchi zima likasimama. Mzee mmoja akavua kofia kabisa.

Mimi nimesharuka nyuma, nimegota ukutani. Masanja akaja bila haraka. Hata hakuchungulia ndani. Akachukua kibanio, akabandua kitu kwenye lenzi ya juu, akakiinua kwenye mwanga ili kila mtu aone. Kope yangu. Nzima, na gundi yake.

"Jongoo wako huyu hapa, Dokta. Katoka saluni."

Nikashika jicho la kushoto. Upara!

Kicheko cha lile benchi nadhani kilifika wodini. Hata Kulwa, na homa yake, akanyoosha kidole. "Mama, jicho lake moja limenyolewa."

Lakini Mama Kulwa hakucheka. Alikuwa bado anamchungulia mtoto masikioni. Hapo ndipo nilipoumia kuliko kuchekwa. Nikatoka, nikapiga magoti mbele ya watu wote.

"Nisamehe, mayu, mama yangu. Ni ujinga wangu. Mwanao hana jongoo."

Akampakata mtoto vizuri. "Binti, ukiwa humo ndani, neno lako sisi tunalibeba hadi nyumbani." Kisha akanishika mkono, akaniinua.

Masanja alikuwa ameshafuta lenzi na kuinamia hadubini. Baadaye akaniita. "Sasa angalia kweli." Akanielekeza kwenye chembe moja kati ya zile zote. Ndani yake kulikuwa na kipete cha bluu chenye kito chekundu, kidogo kiasi kwamba nilikipita mara tatu. "Malaria. Hicho ndicho kinachomuunguza mtoto."

Nywele zilinisimama. Mtu amekaa kwenye kona ambayo hakuna mgonjwa anayejua jina lake, na bila jicho lake daktari angekuwa anabahatisha. Saa moja baadaye nilimwona Kulwa akimeza dawa, akikunja uso, akadai maji. Mama yake akanipungia mkono.

Jioni baba akanipokea mlangoni. "Haya, Dokta, umeonaje?"

"Baba, naomba nijaze maabara."

"Huko si ndiko wanakochunguza choo?"

"Na mkojo, baba. Na damu."

"Sasa majirani niwaambie nini?"

Fomu nimeshaijaza. Nanyi chekeni kabisa leo, kicheko kiwaishie. Miaka michache ijayo mtaniletea vikopo vyenu vya choo mmevifunika kwa aibu, nami nitanyamaza.