Mruko Niliosingiziwa

Calder Notch, Vermont
Jumamosi, 8 Februari

Ndugu Mhariri,

YAH: KUFUTWA KWA MRUKO WA TAREHE 5 FEBRUARI

Gazeti lako la Alhamisi, ukurasa wa nne, limemnukuu Bi. Darlene Fenoff, mwalimu wa kuteleza kwa ubao kwenye theluji katika Kilima cha Kamba, akisema kwamba mimi, Verna Desrochers, mwenye umri wa miaka sitini na sita, "niliruka na kutua" siku ya Jumatano. Chini yake kuna picha. Naomba habari hiyo isahihishwe. Sikuruka.

Niliandikia gazeti hili miaka thelathini na saba, na wewe, Hollis, nilikufundisha mwenyewe kwamba kabla ya kuandika habari ya mtu, muulize mtu. Sikuulizwa. Nilikuwa nimekaa kwenye theluji, natafuta glavu yangu ya kushoto.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Shahidi wenu hafai. Habari nzima inamtegemea Bw. Armand Tatro, dereva mstaafu wa greda la theluji na mwanafunzi mwenzangu darasani. Ni kweli alipiga kelele, "Umepaa, bibi wewe! Umepaa!" Nilimhoji mara tatu siku hiyohiyo, kando ya jiko la kuni katika kibanda cha kilimani. Mara ya kwanza alisema aliona mwanga chini ya ubao wangu, kama inchi mbili. Baada ya supu ikawa futi moja. Alipokuwa anavaa koti aondoke, aliniambia, "Dada, mbwa wangu angepita hapo chini bila kuinama." Mbwa huyo namfahamu. Anachunga ng'ombe na wanamheshimu. Shahidi ambaye kipimo chake kinakua kila anapokula si shahidi. Tena alikiri kwamba miwani yake ilikuwa na ukungu.

2. Tendo lenyewe halikuwepo. Kwa wiki tano Darlene ametufundisha kwamba mruko wa mwanzo hauna siri. Unakunja magoti, unaegemea mguu wa nyuma mpaka mkia wa ubao upinde, unauacha ukusukume, unavuta magoti juu, unatua kwa ubao wote kwa pamoja. Kila Jumatano ananiambia, "Usirukeruke kama chura, Verna. Bonyeza, subiri, achia." Jumatano sikubonyeza, sikusubiri, sikuachia. Nilikuwa nakiangalia kile kichuguu cha theluji cha kurukia kikinijia, na kikaisha. Mtu aliyekosea kidato cha mwisho cha ngazi hatumwiti mrukaji.

Kuhusu kutua, nilitua kwa sehemu ambayo, kwa kuwa gazeti hili linasomwa na watoto wa shule ya Jumapili, sitaitaja. Nilipomweleza Darlene hilo, alinijibu, "Kutua ni kutua, mama. Hakuna aliyewahi kubaki juu." Ni jibu zuri, lakini si ushahidi.

3. Kengele ilipigwa na mtu asiyehusika. Desturi ya Kilima cha Kamba unaijua. Anayeruka kwa mara ya kwanza huingia kibandani na viatu vyake vya theluji na kupiga kengele ya shule ya zamani, kwa mkono wake mwenyewe. Maneno hayo yameandikwa juu ya mlango kwa rangi nyekundu. Jumatano kengele ilipigwa na Armand, mara tisa, nami nikiwa bado kilimani. Kwa hiyo kwa mujibu wa mlango, kama kuna aliyeruka, ni Armand.

4. Nimevuliwa kizibao. Hapa ndipo naomba uniangalie vizuri, kwa sababu gazeti lako halikuliandika kabisa. Vizibao vya njano vya wanaoanza ni sita tu. Akisharuka mtu, anavua chake, kinapewa mwingine, naye kuanzia wiki inayofuata anahamia mlima wa ng'ambo ya barabara, ule wa viti vya kuning'inia vinavyopandisha watu juu, akae huko na wanaojua. Kizibao changu kilivuliwa nikiwa nakunywa kakao. Amepewa bibi mmoja wa posta, mtu mwema, sina neno naye.

Sisemi kwamba nitawakosa watu. Nasema tu mambo yalivyo. Nafasi ya benchi iliyo karibu na jiko, ambayo Armand huwa ananiwekea kofia yake juu, Jumatano ijayo ina mtu mwingine. Zamu yangu ya kuleta donati ni tarehe 19, na tayari nimewaahidi za shira ya mti wa mepo. Huko ng'ambo kila mtu hupanda kiti chake na kula chakula chake ndani ya gari lake. Nimechungulia. Wana vipuli vya muziki masikioni.

5. Mfano huu utaharibu mji. Ikiwa kuachana na ardhi bila kukusudia ni kuruka, basi Armand aliruka mwezi Januari alipoanguka kutoka paa la banda lake akikwangua theluji, na hakupigiwa hata kijiko. Lile lori la maziwa lililotoka barabarani darajani mwezi Desemba nalo liliruka. Nilikwenda pale na futi ya kupimia. Lilikaa hewani futi kumi na moja na likatua wima, jambo ambalo mimi sikuliweza. Na bado hakuna aliyeliambia lori lihamie mlima wa ng'ambo.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Sahihisho lichapwe ukurasa uleule wa nne, kwa herufi za ukubwa uleule. Kengele ipigwe tena mara tisa, kinyumenyume ikiwezekana, ili ijulikane imefutwa. Kizibao kirudi, na bibi wa posta atafutiwe cha saba. Mimi mwenyewe nitakishona. Kuanzia sasa mruko wowote uthibitishwe na mashahidi watatu wenye miwani mikavu, kabla ya supu. Na ikiwa Kamati ya Kilima itaona masharti hayo ni mazito, basi kichuguu kipunguzwe kutoka inchi kumi na nne hadi inchi tatu, ili wanafunzi walindwe dhidi ya mafanikio ya ghafla. Mtu aliyeanza jambo uzeeni ana haki ya kuendelea kulianza.

Darlene amesikia kwamba nakuandikia. Amenicheka barabarani, mbele ya duka la vyuma, akisema, "Miaka yote hii sijaona mtu anakwenda mahakamani adai ameshindwa!" Nilimjibu kwamba si mahakama, ni gazeti. Akasema, "Basi njoo Jumanne kwenye kamati, umwambie Armand machoni kwamba ni mwongo." Nitakwenda. Sitatumia neno hilo.

Nisalimie mkeo na mwambie chupa yake ya matango ya siki ninayo, nitairudisha ikiwa tupu. Wasalimie wa chumba cha mitambo, na yule paka wenu wa dirishani ambaye bado anaamini mimi ni mfanyakazi. Msalimie na mpigapicha. Sina kinyongo naye; alipiga alichokiona, tatizo ni kwamba alikiona upande wa chini wa mlima.

Wako mtiifu katika ukweli,

Verna Desrochers
Mwandishi mstaafu

Nyongeza, isiyo ya kuchapishwa. Leo saa moja asubuhi, kabla kamba inayovuta watu juu haijawashwa, nilipanda Kilima kwa miguu na futi yangu ili nikuletee vipimo vya kuthibitisha kwamba jambo lile haliwezekani. Nililaza fimbo juu ya matawi mawili ya msonobari kwenye ukingo wa kichuguu, inchi sita juu ya theluji. Kisha nikabonyeza, nikasubiri, nikaachia. Mara ya kwanza niliivunja fimbo. Nikatafuta nyingine. Mara ya pili, ya tatu na ya nne haikuguswa, na hiyo ya nne nilitua nimesimama nikaendelea mpaka kwenye bendera ya mwisho wa mteremko. Niliingia kibandani na viatu vyangu. Nilipiga kengele mara moja, ulimi wake nikiwa nimeufunga glavu.

Katika miaka thelathini na saba sikuwahi kumtaja mtu aliyenieleza jambo kwa siri. Sasa ni zamu yako.

Armand bado hajaruka. Darlene anasema imebaki kidogo tu, ila akifika ukingoni anafumba macho. Huwa nasimama pale chini na kumwambia lini afumbue, na kutoka ng'ambo ya barabara hatanisikia. Kamati inakaa Jumanne saa kumi na mbili na nusu jioni. Armand atajaribu Jumatano tarehe 12, saa nne asubuhi. Mtume mpigapicha, na mwambie safari hii asimame upande wa juu.