Mpeni Barua ya Kazi Kwanza, Damu Baadaye

Kwa Ndugu Afisa Ajira,
Kiwanda cha Magodoro.

Huna adabu, mwanangu. Nimeanza na hilo nisije nikalisahau huko mbele nikishaanza kukuheshimu.

Shule mimi niliishia darasa la tatu, lakini kusoma najua, na hasira zangu najua kuziandika. Nalalamika kwa ajili ya mjukuu wangu, yule aliyeomba kwenu kazi ya ukarani wa stoo. Mlimsaili miezi mitatu iliyopita, mkamwambia amefanya vizuri, aende akapimwe kwa daktari, halafu mtaona. Mpaka leo bado mnaona. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmempima mtu ambaye hamjamwajiri. Alikuwa kwa fundi cherehani akishona sare za shule. Akaaga, kwa sababu barua yenu ilisema apimwe "kabla ya kuanza kazi". Mwenye akili timamu akisoma hivyo anajua kazi ipo. Kumbe ipo kwenu, si kwake. Utaniambia hata mbuzi hukaguliwa meno kabla ya kununuliwa. Kweli. Lakini mbuzi haachi kazi yake kuja kukaguliwa.

2. Mnasema majibu ya daktari yanakufa baada ya siku thelathini. Nyinyi kuamua mnachukua arobaini. Kwa hiyo kila mkikaribia kuamua, afya ya mtoto imeshapitwa na muda kama maziwa ya pakiti, arudi tena. Amekwenda mara tatu, nesi wa maabara sasa anamwita "shoga yangu". Mara ya kwanza alikuwa mzima. Ya pili mzima. Ya tatu daktari kaandika "uchovu". Huo uchovu mmeutengeneza nyinyi, uandikeni kwenye orodha ya bidhaa za kiwanda.

3. Fomu yenu inauliza magonjwa ya ukoo, na kwenye mstari wa bibi pameandikwa presha na magoti. Je, magoti yangu yameomba kazi kwenu? Marehemu mume wangu niliishi naye miaka arobaini na moja, hakuwahi kuuliza habari za magoti yangu. Leo yanajulikana na makarani wa magodoro.

4. Mmempiga picha ya kifua. Magodoro yanahesabiwa, hayapulizwi. Na mimba mmempima mara zote tatu. Habari ya mimba huletwa kwa bibi, haipelekwi stoo.

5. Kwa kuwa mtindo wenu ni kupimana kwanza na kuahidiana baadaye, na sisi tunataka mpimwe. Mkurugenzi aje zahanati ya huku kwetu saa moja asubuhi, hajala kitu, na kikopo chake mkononi. Aje na mama yake mzazi, maana ukoo ni muhimu. Apimwe macho, tujue kama anaweza kusoma jina la mtu. Apimwe mkono, tujue kama kalamu inamshinda kuinyanyua. Wewe Afisa utapimwa masikio. Majibu yakiwa mazuri hatutawaambia neno. Tutaona. Zikipita siku thelathini mtarudi, na mama yake pia.

Sasa nasema kwa upole. Nafasi yake kwa fundi imeshachukuliwa, mashine yake ina mwenyewe mwingine. Mkimkataa, hana pa kurudi. Gauni la usaili analipiga pasi kila asubuhi, halafu analitundika tena. Kama mnamtaka, mpeni barua inayosema kazi ni yake daktari akiridhika, kisha mpimeni mpaka kucha. Kama hammtaki, semeni, atafute kwingine. Mwungwana hutoa neno lake kwanza. Hakagui mwili wa mtu huku jibu kalificha mfukoni.

Nisalimie mkeo na watoto, na makarani wote hata wale wavivu. Mlinzi wa getini msalimie mara mbili, ndiye peke yake aliyempa mjukuu wangu kiti. Mama yako mpe pole.

Ni mimi,
Bibi wa presha na magoti, ukurasa wa pili wa fomu yenu.

Kabla sijabandika bahasha: dereva wenu wa lori, anayetuletea hizo barua za kupimwa, safari ya pili kaleta na posa juu. Anamtaka mjukuu wangu, na mtoto anachekacheka tu. Ni kijana wa heshima, viatu anavivua mlangoni bila kuambiwa. Sijamjibu. Nimemwambia akapimwe kwanza damu, kifua na ukoo wake wote, halafu nitaona. Majibu aliyoleta nikayaweka kabatini mpaka yakafa, nimemrudisha akapimwe upya. Sasa analalamika eti amechoka, eti majibu yake mengine yapo kwenu kwenye faili la wafanyakazi. Litoeni hilo faili, mniletee Jumatatu asubuhi, na asilibebe yeye.