Mahali Salama pa Kumficha Kapita

Jumapili, 22 Desemba
Noeli yangu ya pili hapa Salamabila, mbali na kwetu Kasongo. Mvua. Mgongo unauma. Nyumba hii tunapanga wachimbaji, na siku hiyo kila mmoja ataleta kitu cha kupika. Grégoire, ninayelala naye chumba kimoja, ameleta mchele. Kisha akamtazama jogoo wangu, akauliza huyu amenona hivi anangoja nini.
Jogoo ni Kapita. Nilimwita hivyo, kama msimamizi wa machimbo, kwa sababu ananiamsha niende kuchimba, halafu yeye habebi kitu. Jioni ndiye pekee anayekuja mlangoni kunipokea. Hachinjwi.

Jumatatu, 23 Desemba
Mpango. Nimetangaza kwamba Kapita anaumwa. Nikakohoa kidogo kwa niaba yake. Grégoire akasikitika kweli. "Mugonjwa? Masikini. Basi tumuchinje leo, kaka, mbele ya kujifia mwenyewe." Akaenda kuazima kisu. Ilibidi nitangaze amepona.

Jumanne, 24 Desemba
Mpango bora. Nimempeleka kwa Amuri, fundi wa pikipiki. Amuri ni Mwislamu, Noeli haimhusu. Kwake hakuna ngoma wala chungu. Akanishika mkono, akasema nimefanya vizuri kuwahi. Mtu wa heshima. Nimemwachia Kapita mahindi na kipande cha mkate, asijione mpweke.

Jumatano, 25 Desemba
Baada ya misa nikapita kumjulia hali. Uani kwa Amuri, foleni. Wakristo watupu, kila mmoja na kuku kwapani. Kumbe mtaani hapa watu wa dini zote hualikana, kwa hiyo kuku wa Noeli huchinjwa na Amuri, ili kila mgeni aweze kula. Mwaka jana nilikula tu, sikuuliza nani kachinja.
Nikauliza Kapita yuko wapi. Amuri akaelekeza kisu kwenye paa. "Wako alikuwa wa kwanza. Si ulimuleta jana ili ukimbie foleni? Amekata kamba."
Nikapanda. Bati linateleza. Mama mmoja akanisihi nisimwangukie jogoo, nyama itapondeka. Nikamdaka mguu, tukashuka pamoja, haraka kuliko nilivyotaka.
Nyumbani Grégoire ameamua asiyetoa kuku hali kuku. Nimekula wali mkavu. Kapita akala nusu yake.

Jumatatu, 30 Desemba
Grégoire ananoa kisu kwa ajili ya Bonane, sikukuu ya Mwaka Mpya. Safari hii nimetumia akili. Jirani yetu Marie-Thérèse na wenzake wa kikundi cha maombi wamefunga tangu jana. Hawagusi chakula mpaka asubuhi ya Bonane. Nyumba nzima ya watu wasiokula! Wapi pengine pana usalama hivyo?
Nimempeleka Kapita leo. Wamempokea kwa wimbo. Wakamzunguka, wakamtazama kwa upendo, muda mrefu, mmoja akamwinua kidogo kupima uzito. Marie-Thérèse amenialika Bonane nikafungue nao mfungo. Nimekubali. Nitamchukua siku hiyohiyo.