Kuku Waliokula Wasiwasi Wetu

Jumatatu, 22 Septemba
Wiki ya tatu ya ndoa! Ferdinand wangu ni mzuri hata akipiga mswaki. Ila wasiwasi! Paa, baiskeli, mvua kuchelewa. Nimepata dawa. Kila wasiwasi unapewa punje ya harage, unatajwa, unarushiwa kuku. Ukimezwa, umekwisha. Maharage nimechota kwenye kibuyu alichonipa mama mkwe, Ildefonsa. Ni ya mbegu, tupande naye Jumamosi. Lakini punje kumi ni nini?

Jumatano, 24 Septemba
Ferdinand ametaja wasiwasi kumi na nne kabla ya uji. Kisha akaimba! Nampenda mno. Mimi sina wasiwasi, ila jirani Deodata kasema kanga yangu ya harusi imeshapauka. Punje tano. Hazikutosha. Kiganja kizima. Kuku wa Deodata nao wamekuja kula.

Ijumaa, 26 Septemba
Zimebaki punje kumi na moja! Nikamuuliza Ferdinand kama mbegu ni jambo kubwa. Akakaa chini. Zilianzia kwa bibi wa mama yake, hapa Bukiriro pote hakuna nyingine. Akaomba punje kwa wasiwasi huo. Nikamnyima.
Nimekimbia gulioni, nimenunua maharage, nimeyapaka majivu kama yale. Mama mkwe hatajua.

Jumamosi, 27 Septemba
Alijua.
Kaja na jembe begani. Nikampigia magoti, shikamoo mama. Marahaba. Akamimina maharage kiganjani, akayatazama. Nikaona ndoa yangu inarudi kwa baba na godoro lake. Nikaanza kusema ni joto limeyabadili rangi, lakini Ferdinand, mpenzi asiyeweza uongo, akatoboa yote kwa pumzi moja.
Mama akawageukia kuku wetu watatu.
“Hawa wanajua shida zote za nyumba hii?”
“Ndiyo, mama.”
“Basi naondoka nao, wasije wakasimulia.”
Kisha akafungua fundo la kanga. Mbegu zilezile! Alibakiza nusu. Eti yeye alipoolewa, zake alizipika. Tukapanda mpaka mchana, anacheka peke yake.

Jumapili, 28 Septemba
Mama mkwe ni malaika! Katuachia na karanga za mbegu, za kupanda wiki ijayo. Ferdinand ana wasiwasi hatuna mayai. Jambo dogo, mpenzi. Karanga ni nene, moja itabeba hata aina tatu za wasiwasi. Nachukua chache tu.
Kuku wa Deodata wameshasimama mlangoni.