Adui Mwenye Adabu

Jumatatu, 10 Novemba

Siku mbaya tangu asubuhi. Zoezi la vita vya mezani linaanza kesho, na Jenerali Maeng amegawa nafasi. Yeye ni Bluu, yaani sisi, Korea Kusini. Kiti cha mkono wake wa kulia kapewa Meja Ok Hye-sun. Na mimi? Adui! Mimi ndiye Kaskazini nzima, na mabomu yake yote ya nyuklia, peke yangu, kwenye meza ya kona karibu na mtungi wa maji.

Meja Ok alinipongeza. Alisema nafasi yenyewe inanifaa. Mwanamke huyu! Tuliingia chuo cha maafisa mwaka mmoja, na tangu siku hiyo hajanipita koridoni bila kutabasamu. Ana lake jambo.

Mwezi huu orodha ya vyeo inatoka. Idara yetu ina nafasi moja tu ya luteni kanali. Nikikosa safari hii, umri wangu wa umeja umekwisha. Navua gwanda, naenda Suwon kukaanga kuku kwenye duka la shemeji yangu Sang-pil. Aproni ameshaninunulia. Yaani nimesomea miaka yote jinsi ya kumtisha mwenye bomu la nyuklia asithubutu kulitumia, halafu niishie kwenye karai la mafuta? Siendi ng'o.

Nyumbani nilieleza kwamba nimefanywa adui. Mke wangu Yeon-ju alisema basi sitahitaji mazoezi. Binti yetu Da-on alicheka mpaka kitabu kikamponyoka, na mama yake akaruka kukidaka kabla hakijagusa sakafu. Da-on ana mtihani wa kuingia chuo kikuu Alhamisi. Wiki hii kwetu hakianguki kitu, maana kuanguka ni kufeli: si kitabu, si kijiko, wala neno “kuanguka” lenyewe halitamkwi. Supu ya mwani nayo marufuku, maana mwani unateleza.

Nimepata mpango. Nani aliwahi kupandishwa cheo kwa kumshinda jenerali wake? Hakuna. Kwa hiyo nitashindwa. Nitashindwa vizuri kuliko adui yeyote aliyewahi kushindwa.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeshindwa mara nne kabla ya chakula cha mchana. Safi sana.

Jenerali alisogeza manowari mbili na nyambizi moja. Nikarudisha majeshi. Akatangaza kwamba washirika wetu wameleta ndege kubwa za mabomu. Nikarudisha makombora mahandakini. Akakohoa. Nikaomba mazungumzo. Kanali Tak, mwamuzi wa zoezi, mtu mkavu asiye na utani, aliuliza naomba mazungumzo kwa sababu gani ilhali hakuna aliyefanya kitu. Nilimjibu kwamba kikohozi cha Jenerali Maeng kina uzito wa kimkakati. Aliandika kitu.

Balaa likaja kwenye tamko la vitisho. Kanuni zinamtaka adui atoe tamko, lisomwe mbele ya wote. Nilijaribu, naapa nilijaribu. Lakini jamani, jenerali wangu mwenye nyota mbili nitamwitaje kibaraka na mbwa koko? Mkono ulikataa. Nilianza kwa kumtakia afya njema. Nikamwomba radhi kwa usumbufu. Kisha nikamjulisha, kwa heshima zote, kwamba endapo hatakuwa na pingamizi, mji wake mkuu utageuzwa majivu. Kanali Tak alilisoma lote kwa sauti, mpaka sahihi. Meja Ok aliinamia meza, mabega yanamtetemeka.

Jenerali hakucheka. Aliniita mezani kwake wakati wa chakula. Akaniuliza mimi ni adui gani. Alisema mama mkwe wake anamtisha zaidi, na silaha yake ni mwiko tu. Alhamisi anakuja Bibi Seok kutoka wizarani kutazama zoezi. Akikuta adui anayeomba radhi, ataona ushindi wote ni wa bure, na mwenye kuaibika ni nani? Ama niwe adui wa kweli, ama jina langu yeye halijui tena. Nilisema ndiyo afande. Nilisimama wima muda wote, mchuzi wangu wa kimchi ukapoa.

Yeon-ju ameuliza mambo yamekwendaje. Nimesema nimeshinda kwa kushindwa. Ameendelea kukata vitunguu.

Jumatano, 12 Novemba

Mpango mpya, tena bora kuliko wa kwanza. Adui wa kweli, lakini wa kupigika! Nitafanya shambulio moja kali, la kishujaa, na Jenerali ataliponda mbele ya Bibi Seok. Wote tutang'ara. Ila ili aliponde, inabidi ajue linakuja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama.

Nilikwenda ofisini kwake na boksi la vinywaji vya vitamini, nikalitoa kwa mikono miwili. Sikumwambia kitu. Nilizungumza na dirisha. Nililiambia dirisha kwamba huenda adui akayatoa makombora yake yote hadharani kesho, saa saba na dakika kumi mchana, watu wakiwa wametoka kula na roho zimetulia. Na kwamba ndege zetu za kivita zikiruka papo hapo, adui huyo atakufa moyo na kurudi mahandakini. Jenerali naye alilitazama dirisha. Akasema hajasikia kitu. Kisha akauliza: dakika kumi kamili? Nikasema kamili, afande.

Alifungua chupa mbili, moja akanipa. Luteni Kanali Pyo Gwang-rim! Linasikika vizuri.

Nyumbani tunatembea kwa ncha za vidole. Yeon-ju amekwenda ghorofa ya juu kuwaomba majirani wasivute viti, akakuta wameshatandika mablanketi sakafuni wenyewe. Da-on anaogopa kitu kimoja tu, ile sehemu ya kusikiliza Kiingereza. Sauti inapita mara moja, ukikosa neno limekwenda. Nilimwambia asiogope, baba yake kesho yupo kazini analinda taifa. Alisema hilo halihusiani. Mtoto hana adabu, lakini nampenda.

Alhamisi, 13 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi ilikuwa njema. Tulimfikisha Da-on kwenye geti la shule. Wanafunzi wa madarasa ya chini walikuwa wanapiga ngoma na kuimba. Polisi alimleta kijana mmoja aliyechelewa kwa pikipiki, watu wote wakashangilia. Yeon-ju alimpa binti keki ya mchele inayonata, ili naye anate chuoni, kisha akaenda hekaluni kusujudu mpaka jioni. Mimi nikaenda kuwa adui.

Bibi Seok alikaa katikati ya ukumbi. Mama mwenye umbo dogo, mpole, shanga za sala mkononi. Alitueleza kwamba mwanawe wa mwisho naye yumo mtihanini leo. Jenerali alimtangazia kwamba chochote adui atakachothubutu, yeye atakuwa na ndege hewani kabla chai haijapoa. Alinikonyeza. Nikajisikia raha mpaka kwenye visigino.

Saa saba na kumi. Nikasimama, nikatoa makombora yote nje ya mahandaki, nikatangaza kwamba Seoul ina nusu saa ya kukabidhi visiwa vyake vya magharibi. Safari hii sikumtakia mtu afya. Jenerali naye akasimama, akapiga meza: ndege zote ziruke!

Kanali Tak alitazama saa ya ukutani. Akasema haiwezekani.

Jenerali aliuliza nini hakiwezekani. Kanali Tak akamkumbusha kwamba kwa kanuni za zoezi, saa ya vita vya mezani ndiyo saa ya ukutani. Na saa ya ukutani ilikuwa inasema watoto nchi nzima wanasikiliza Kiingereza. Muda huo kila mwaka hairuki ndege wala haitui, ya abiria wala ya jeshi. Nani asiyejua? Mimi nilijua! Nimejua maisha yangu yote! Binti yangu mwenyewe alikuwa mle chumbani! Nilichagua muda ule kwa sababu Jenerali akishiba huwa mpole.

Jenerali alisema vita ni vita. Kanali Tak akajibu ni kweli, adui akifyatua. Hajafyatua, ameyatoa tu nje. Basi Jenerali akageukia maafisa wake, akauliza nani atapeleka amri ya kurusha ndege. Mmoja akatazama dari. Mwingine, ambaye watoto wake pacha wote wawili wamo mtihanini, akasema yupo tayari kufa kwa ajili ya nchi, ila kwa hilo mkewe hatamwelewa. Jenerali akasema hizi ni ndege za karatasi! Bibi Seok, kwa upole kabisa, akasema: najua ni za karatasi, lakini mwanangu ametega sikio sasa hivi, Jenerali, wewe endelea tu, tuone.

Jenerali akaketi. Nimesoma vitabu vyote kuhusu nini humzuia mtu mwenye silaha asizitumie. Mabomu yangu ya nyuklia hayakumtisha hata kidogo. Alitishwa na mama mmoja mwenye shanga.

Nikaona nimwokoe. Nilitangaza kwamba adui anarudi mahandakini. Kanali Tak akauliza sababu. Nikasema hofu. Hofu ya nini? Nikasema hofu ya jumla. Akakataa. Kanuni haziruhusu adui kurudi nyuma bila kilichomtisha, na hakuna kilichoruka. Akanipa kisiwa. Nikaomba tena, nikasema nimeota ndoto mbaya. Akanipa kisiwa cha pili. Kila nikijitahidi kushindwa nazidi kushinda! Jasho lilinitoka kama niko Suwon tayari.

Hapo Meja Ok akanyoosha mkono. Alisema tunayo nyambizi baharini tangu Jumanne, na nyambizi haina kelele. Ipande kidogo, mitambo ya adui iione, kisha izame tena. Hakuna mtahiniwa atakayekosa neno. Kimya kingi kina mshindo mkuu, alisema. Kabla hajamaliza nilikuwa nimerudisha makombora yote na visiwa vyote, nikapiga saluti. Ukumbi ukapumua.

Laiti ingeishia hapo! Bibi Seok akaomba kujua nani alichagua muda ule. Alisema ametazama mazoezi mengi, na hajawahi kuona adui anayetujua kiasi hiki. Tundu lile katika ulinzi wetu limekuwa wazi miaka yote na hakuna aliyeliona. Alikuwa ananisifu mimi. Mimi! Nilichotakiwa kusema ni neno moja.

Lakini nilimwona Jenerali amenuna, nikamwonea huruma, tena nikaona hapa ndipo pa kupanda cheo, sifa tuzigawane. Nikasimama wima. Nikasema sifa zote ni za afande Maeng, kwani jambo hili tulilipanga pamoja jana ofisini kwake, na saa aliirudia mwenyewe kwa usahihi mkubwa.

Kimya kilichofuata, mtihani wa Kiingereza ungeweza kufanyika humo ndani. Bibi Seok alifunga mkoba wake akaondoka. Jenerali hakuniangalia.

Ijumaa, 14 Novemba

Orodha ya vyeo imezuiwa. Nilijua, nikaenda kazini hivyo hivyo.

Jenerali aliniita. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alinisomea agizo la Bibi Seok: zoezi linarudiwa Desemba. Adui ni mimi tena. Siku na saa ya shambulio naijua mimi peke yangu, na nisimwambie mtu. Nikicheza safi, jina langu linabaki mezani, na lake pia. Nikivurunda, mimi nitakuwa raia na yeye atapelekwa kusimamia maghala ya viatu.

Nimesikia ni Meja Ok aliyeniombea. Alimfuata Bibi Seok mpaka kwenye gari, akamwambia kwamba hata kama nililigusa tundu lile kwa bahati, niliyeligusa ni mimi, na jeshi halina wa kumtupa. Nafasi ni moja na anaigombea yeye. Kwa nini aniombee? Huu ni mtego. Nitamchunguza.

Da-on amesema kusikiliza kulikwenda vizuri mno. Nchi ilikuwa kimya mpaka alimsikia msomaji anavuta pumzi. Alinishukuru. Nikamuuliza mimi nimefanya nini, akasema si ulikuwa unalinda. Nililia pale kwenye sinki, sikuona haya. Yeon-ju alikuja, akanishika bega kwa mara ya kwanza wiki hii. Akasema, Baba Da-on, nakuomba, safari hii fanya kazi tu. Usipange kitu. Nikamwahidi. Niliahidi kwa moyo wangu wote.

Jumapili, 16 Novemba

Leo mke wa Jenerali anatengeneza kimchi ya majira ya baridi. Kanuni mpya zinakataza maafisa kufanya kazi nyumbani kwa mkubwa. Hazikatazi mtu kupita njiani akiwa na glavu zake za mpira. Nikapita.

Mama alishangaa, lakini kabichi zilikuwa mlima na wanawe hawajatokea. Akanipa beseni. Nimepaka pilipili mpaka viwiko, macho yanawaka. Katika kupaka nimetafakari, na kosa langu la Jumatano nimeliona wazi kabisa. Nilimwambia Jenerali mwenyewe! Mtu mzito kama yule utamwambiaje uso kwa uso? Ndiyo maana ikabidi nimtaje. Haya mambo hupitishwa pembeni. Na ahadi kwa Yeon-ju ilihusu kupanga. Hapa sikupanga, nilikuwa napita.

Basi nikamnong'oneza mkewe, huku nampa kabichi. Siku, saa, mahali makombora yatakapotokea, na nyambizi ikae wapi. Nikamwomba amfikishie mzee.

Mama aliweka kabichi chini. Alivua glavu, akaingia ndani. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia Jenerali anauliza mara mbili kama ana hakika, kisha akapiga simu. Alisema halo, Bibi Seok, samahani kwa kukusumbua Jumapili. Halafu akalitaja jina langu, jina kamili na cheo, kwa sauti ya juu kuliko nilivyowahi kumsikia. Akalitaja tena! Mama akatoka, akasema mzee anaomba niende nyumbani. Ni kweli, nilikuwa nimechoka, na yeye ni muungwana.

Njiani nimepitia kwa fundi wa magwanda pale getini kambini, nikamwachia koti anishonee ua la pili begani, alama ya luteni kanali. Aliuliza kama orodha imeshatoka. Nimemwambia ashone tu, Jenerali yuko kwenye simu sasa hivi ananishughulikia.