Tunda la Kumrudisha Diễm

Jumatatu, 3 Juni
Binti yangu Diễm amepiga simu kutoka Saigon. Eti huenda asije kwenye kumbukumbu ya kifo cha mama yake, kazi zimembana. Mwaka jana zilimbana pia! Sikumwambia kwamba nyumba imekuwa kimya mno. Nilimwambia namkuzia mama yake tunda la joka ambalo mkoa mzima wa Bình Thuận haujaliona. Akauliza, kubwa kiasi gani? Kauliza! Ana hamu. Mpango umeanza.

Jumanne, 4 Juni
Nimechagua tunda moja, bado bichi, kwenye mmea uliopanda nguzo ya karibu na jikoni. Nimenunua dawa ya kurefusha masikio, yale magamba ya kijani ambayo wanunuzi huyatazama kwanza. Chupa inasema kifuniko kimoja kwa ndoo. Maelezo ya waoga. Nimeweka vitatu, na mbolea ya majani juu yake.

Jumamosi, 8 Juni
Masikio yanarefuka! Nimeliamkia tunda. Si wazimu, hakuna mwingine wa kumwamkia. Jirani Thạnh akachungulia juu ya ua. Huyu shamba lake hula samadi tu, na bado husifiwa yeye. Akauliza, "Kaka Bảy, unaongea na nani huko?" Nikasema nakohoa. Akanishauri nipunguze dawa, nitavuna ganda tupu. Wivu huo.

Jumatano, 12 Juni
Nimepulizia tena. Jua kali, nikalifunika tunda kwa kofia ya marehemu mke wangu. Baadaye, kupitia dirisha la jikoni, nikaiona kofia ikitikisika kwenye upepo. Nikaita, "Mận!" Kwa sauti. Halafu nikaona aibu. Nikala wali baridi nikiwa nimesimama.

Jumapili, 16 Juni
Siku yenyewe. Nimechemsha nguruwe na mayai kwa maji ya dafu, kama alivyopika Mận. Imeungua chini. Tunda nimeliweka mbele ya picha yake, masikio yakamficha uso wote. Thạnh sikumwalika. Kaja hivyo hivyo, na mkewe, na kapu la matunda yake ya kawaida. Na nyuma yao, kwenye pikipiki ya kukodi, Diễm! Mwanangu!

Tukakata tunda. Ganda, ganda, ganda, kisha nyama nyeupe isiyozidi yai. Thạnh akapiga kelele, "Kaka Bảy, wewe umefuga masikio!" Wote wakacheka, hata mimi. Tukala ya Thạnh. Matamu, nakiri humu tu.

Diễm akiosha vyombo akaniambia ni Thạnh aliyempigia simu, kwamba baba yako anaongea na tunda, njoo umwone. Akasema, "Baba, siku nyingine niambie tu umenikumbuka. Nitakuja." Nikasema sawa. Akaondoka na basi la alasiri.

Jumatatu, 17 Juni
Bakuli la Diễm limefunikwa pale alipoliacha. Sijalirudisha kabatini. Asubuhi nilishika simu nimwambie nimemkumbuka. Nikaiweka chini. Mtu mzima anaanzaje kusema maneno kama hayo? Na isitoshe, mambo yako wazi: nilipulizia, mtoto akaja. Kasoro ilikuwa kipimo tu, vifuniko vitatu ni vichache. Nimenunua chupa kubwa zaidi. Kuna tunda changa nyuma ya kisima. Nimeshaliamkia.