Waraka Namba Nne Kuhusu Sandwichi za Ham

Wanachama wa Umoja wetu wajue, na wageni wao wajue, kwamba kuanzia Jumapili ile saa saba mchana ulaji wa sandwichi katika shughuli zetu uliacha kuwa jambo la kienyeji. Uliwekwa chini ya Kamati. Mwenyekiti wa Kamati ni mimi, Nehemiah, na haya ninayoyaeleza niliyasimamia mwenyewe kwa mikono yangu miwili.

Umoja wetu ni wa watu wote wanaozungumza Kiswahili hapa pembezoni mwa Washington: Wakenya wa bara, watu wa pwani, Watanzania, Wazanzibari, na Wakongo wawili watatu wanaofuata chai. Tunakutana kila mwezi kwenye ukumbi mmoja Riverdale Park, karibu na reli. Kazini kwangu Rockville mimi huelekeza magari mahali pa kuegesha. Lakini uongozi ni kipaji, na mimi ninacho.

Sasa, hiyo sandwichi yenyewe. Wenyeji wa Maryland na Virginia wana vimkate vidogo laini vya siagi ambavyo huvipasua katikati, wakapaka haradali, wakatia ham, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi na moshi, wakavipasha moto kidogo, basi. Jelagat, dada wa Eldoret anayetunza wazee majumbani, alifundishwa na bibi mmoja aliyekuwa akimhudumia. Alituletea miaka tisa iliyopita kwa sababu hazimchukui zaidi ya nusu saa, na mtu anayetoka shifti mbili mfululizo hana zaidi ya hiyo nusu saa.

Lakini nusu ya wanachama wetu ni Waislamu. Jelagat hakuleta hoja mkutanoni. Alimwendea Bi Sheha, mama wa Kipemba aliyeishi naye jengo moja, wakazungumza, yakaisha. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi kabla ya mkutano, wawili hao huoka vimkate vyote jikoni kwa Bi Sheha. Bi Sheha hubaki na nusu, akatia kuku na pilipili. Jelagat hubeba nusu kwenda kwake, akatia ham. Mkutanoni kitambaa cheupe ni kuku, kitambaa cha buluu ni ham, meza ni moja ndefu, na wao hukaa pale vitambaa vinapokutana. Kwa miaka tisa hajakosea mtu mzima wala mtoto.

Hilo ndilo lililonitia hofu. Miaka tisa bila kosa, na hakuna hata karatasi moja ya kuthibitisha.

Niliunda Kamati haraka. Habib wa Tanga akawa makamu, maana ana sauti nzuri. Elisante akawa katibu, maana ana printa.

"Kuna ofisi moja nilienda, sitaitaja," Elisante alisema kwenye kikao cha kwanza. "Ukiingia tu unapewa namba. Hata kama uko peke yako."

"Peke yako kabisa?" Habib akauliza.

"Peke yako kabisa. Nikakaa dakika arobaini nikisubiri namba yangu iitwe. Jamani, nilijisikia raia."

Kila mmoja akaifikiria ofisi hiyo. Halafu tukakaa vikao sita, tukatoa Waraka Namba Nne. Namba moja, mbili na tatu bado hazijaandikwa, lakini waraka wa kwanza usingeheshimiwa.

Waraka ulisema hivi. Meza zitakuwa mbili, na katikati utavutwa utepe mwekundu. Ndani ya utepe kutakuwa na kuku, chai, viti na wanachama. Nje ya utepe, kule mlangoni, kutakuwa na ham. Yeyote atakayegusa ham kwa mkono mtupu ataitwa Mgusaji. Atakayeguswa na Mgusaji naye ni Mgusaji. Kunawa hakutoshi. Mgusaji atakaa nje ya utepe mpaka apate Cheti cha Usafi wa Mkono, kilichotiwa saini na wajumbe wawili wa Kamati ambao wao wenyewe si Wagusaji. Jelagat tulimwandikisha kuwa Mgusaji wa Kudumu, kutokana na shughuli zake. Hatukumhoji, ili tusimsumbue.

Alinipigia simu Alhamisi, akiwa kazini, nikisikia televisheni ya mzee fulani nyuma yake.

"Mwenyekiti, si unajua Bi Sheha anamove Tuesday? Anaenda Columbus kwa kijana wake. Hii ndiyo Sunday yetu ya mwisho."

"Kamati inazo taarifa hizo."

"Sasa mimi nikae kwa mlango na yeye akae huko ndani? Mimi nataka tu kukaa na yeye, tukule, nimuage. Ni hiyo tu, wallahi."

"Dada Jelagat, Kamati imeguswa sana. Tuma ombi la kibali maalumu. Majibu hutoka baada ya siku kumi na nne."

"Lakini anaenda Tuesday!"

"Basi ni yeye aliyepanga safari bila kuzingatia utaratibu."

Nilimsikia akipenga kamasi. Nikaandika kwenye daftari: mwanachama ameelewa.

Jumapili ikafika. Utepe ulivutwa vizuri mno, Elisante aliupima kwa futi. Jelagat akaweka sinia lake la kitambaa cha buluu mlangoni, akasimama karibu nalo na sare yake ya kazi chini ya koti. Bi Sheha alikuwa ndani, kitini, na buibui lake jeusi, akimwangalia. Hakuna aliyekula. Watu walishika vikombe vya chai wakatazama sakafu, jambo nililolichukua kuwa heshima kwa Kamati.

Tukaanza ukaguzi. Habib alikagua kuku. Mimi na Elisante tukafungua sandwichi za ham, moja baada ya nyingine, zote sabini. Tulitumia mikono, maana glavu humzuia mkaguzi kuhisi. Nilibonyeza kila kipande cha nyama kwa kidole gumba. Zote zilikuwa ham. Nilifurahi kwelikweli, machozi yakanilenga, kwa sababu hakuna Mwenyekiti kabla yangu aliyekuwa na uhakika huo. Nikavuka utepe nikampa Habib mkono wa pongezi, naye akaushika kwa mikono miwili, akautikisa na kuniuliza habari za nyumbani, kama watu wa kwao wanavyofanya.

Hapo Bi Sheha akainua mkono, akafungua mkoba, akatoa nakala yake ya Waraka. Wanachama wengine nakala zao walizifungia vyombo. Yeye alifundisha darasa la nne Wete miaka thelathini, na aliisoma yote, tena kwa kalamu nyekundu.

"Bwana Mwenyekiti, mie nna suala dogo. Hizi ham mmezifungua kwa mikono?"

"Kwa mikono, Bi Sheha. Tena kwa umakini mkubwa."

"Mitupu?"

"Mitupu kabisa."

"Ahsante. Na wewe Habib, mwanangu, huyu bwana kakupa mkono?"

Habib aliitazama mikono yake miwili. "Kanipa," akasema polepole, halafu akaondoka mbio kuelekea bombani.

"Kanawe mwanangu, kanawe. Ila hapa pameandikwa kunawa hakutoshi." Akageukia mlangoni. "Jelagat, nawe uligusa?"

"Mimi? Sijawahi gusa hata siku moja," Jelagat akasema. "Si ulininunulia koleo ule mwaka wa kwanza? Nilikuwa naogopa kukugusia mikate yako na mkono wa ham." Akaitoa mkobani, koleo ndefu ya chuma, akaiinua watu wote waione.

Mtu akaanza kucheka kule nyuma, akafuatwa na mwingine, na Wakongo wakapiga makofi. Bi Sheha akaja mwenyewe, akainua utepe kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akamvuta Jelagat ndani.

"Nanyi waheshimiwa," akatuambia kwa adabu zote, "tafadhali, huko."

Tukatoka. Ningeweza kubisha, lakini Waraka una saini yangu.

Meza ya mlangoni ilibebwa ikaunganishwa na ile ya ndani. Sinia tulilolibonyeza lilikataliwa, tukaachiwa wenyewe. Jelagat alikuwa na vimkate vya akiba na ham zaidi kwenye boksi la barafu, akajaza sandwichi nyingine kwa koleo, na haikumchukua hata robo saa. Wakristo walikula zao kwa vijiti vya meno ili wasiwe Wagusaji, wakitucheka. Bi Sheha na Jelagat walikaa pale katikati, bega kwa bega. Walikula kidogo sana. Muda mwingi walishikana mikono wakazungumza kwa sauti ya chini, na mara moja Bi Sheha alimfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. Nakiri hapa rasmi kwamba niliona aibu, nikaangalia kwingine.

Saa kumi nikashindwa na njaa. "Bi Sheha," nikaita kutoka mlangoni, "na sisi je?"

"Ombeni cheti, babu. Si utaratibu wenu?"

Ulikuwa ushauri wa haki. Elisante akaandika ombi la Wagusaji watatu, akalielekeza kwa Kamati. Kamati ikaitisha kikao palepale, wajumbe wote watatu wakahudhuria. Habib alisoma ombi kwa ile sauti yake nzuri. Tulilijadili kwa kina, tukalionea huruma, tukatafuta wajumbe wawili wasafi wa kutia saini, tukakosa. Likakataliwa kwa kauli moja, na mimi ndiye niliyegonga muhuri.